Namna ya Kununua Ekari 20 na Kutawala 39

Tuseme ni miaka ya 1860, uko Christchurch, New Zealand, na mfukoni una pauni 40. Bei ya serikali kwa ardhi ya mkoa wa Canterbury ni pauni 2 kwa ekari. Mgeni wa mambo haya atatoka ofisi ya ardhi akiwa na ekari 20. Mfugaji wa kondoo aliyeujua mchezo alitoka na ekari 20 hizohizo kwenye karatasi, lakini alipofika nyumbani alikuwa anatawala ekari 39, na hakuna hakimu aliyeweza kumgusa. Mwongozo huu unaonyesha alivyofanya, pamoja na maneno ya mitaani ambayo wafugaji hao waliyatumia wakiongea wenyewe kwa wenyewe. Nimeuandika kwa lugha ya kufundisha kwa sababu huu ulikuwa ufundi kamili, wenye majina yake, kanuni zake na mabingwa wake. Mimi siupendi ufundi huo hata kidogo, na sitaficha.

Subiri serikali itangulie

Usinunue ardhi kwa wenyewe. Wacha serikali ifanye hivyo kabla yako, kwa bei ambayo wewe mwenyewe ungeona haya kuitamka. Sehemu kubwa ya Kisiwa cha Kusini ilikuwa ya watu wa Ngāi Tahu. Tarehe 12 Juni 1848, kule Akaroa, machifu wao walitia sahihi hati iliyoletwa na Henry Tacy Kemp kwa niaba ya serikali ya Uingereza. Kwa hati hiyo takribani ekari milioni 13 na nusu zilihama kwa pauni 2,000, tena zilizolipwa kwa awamu.

Pauni moja ilikuwa na peni 240. Gawanya, utaona kwamba peni moja ilibeba ekari 28 hivi. Miaka michache baadaye ekari moja ya ardhi hiyohiyo iliuzwa kwa pauni 2, yaani peni 480. Fedha zote walizolipwa Ngāi Tahu, kama wangezipeleka kwenye dirisha la ofisi ya ardhi Christchurch, zingewarudishia ekari 1,000.

Hati iliahidi kwamba makazi yao na mahali walipopatia chakula pangebaki mikononi mwao, na kwamba maeneo mengine yangetengwa nchi ikishapimwa. Walter Mantell alitumwa kuyatenga. Alihesabu watu 637, akawapimia ekari 6,359, karibu ekari 10 kwa kila mtu. Vinamasi walimovua mikunga, misitu walimowinda ndege, mito na midomo ya mito waliyoizungukia msimu baada ya msimu, sehemu kubwa ya hayo haikuingia kwenye hesabu. Matiaha Tiramōrehu, mmoja wa viongozi wao, aliandika malalamiko rasmi mwaka uliofuata, 1849. Ardhi iliyobaki serikali iliipa jina la ardhi isiyo na kazi, ikaundiwa bodi ya kuigawa, na jina hilo likapigwa chapa kwenye sheria na kwenye nyaraka za ofisi.

Wewe mfugaji ufike baada ya hapo. Ukiulizwa, utasema kwa dhamiri safi kabisa kwamba ulinunua kwa serikali.

Kodi eneo kubwa, lala kwa wasiwasi

Waanzilishi wa koloni la Canterbury hawakuwa na mpango wa kondoo. Walifikiria kijiji cha Kiingereza chenye kanisa, shule na mashamba madogo ya nafaka. Meli zao nne za kwanza zilitia nanga Lyttelton mwezi Desemba 1850, na ardhi yao waliiuza pauni 3 kwa ekari ili sehemu ya fedha ijenge makanisa na shule. Walowezi hao waliitwa mahujaji. Punde wakafika watu wengine kutoka Australia, waliokaangwa na ukame, wenye kofia pana na makundi ya kondoo, ambao mahujaji waliwaita “shagroons”. Hawa walizitazama tambarare kati ya mito Waimakariri, Rakaia na Rangitata, wakaona nyasi za mafungu zinazoyumba kwa upepo mpaka miguuni mwa milima, wakasema nchi hii inataka kondoo. John Robert Godley, aliyeliongoza koloni miaka hiyo ya mwanzo, alilegeza masharti, na mikataba ya malisho ikaanza kutolewa kwa maelfu ya ekari.

Kodi ilikuwa ya kuchekesha. Ilikuwa chini ya peni moja kwa ekari kwa mwaka, kwa hiyo malisho ya ekari 20,000 yalilipiwa chini ya pauni 84. Kuzinunua ekari hizohizo moja kwa moja kungegharimu pauni 40,000. Mtu mwenye akili timamu alikodi.

Lakini mkataba wa malisho uliuza nyasi tu. Mtu yeyote mwenye pauni 40 angeweza kuingia ofisini asubuhi, akaweka kidole kwenye ramani katikati ya malisho yako, akanunua ekari 20, akaja na jembe, mke na watoto. Mfugaji alimwita mtu huyo “cockatoo”, kwa jina la kasuku mweupe wa Australia anayefika na wenzake kwenye shamba na kuchakura udongo. Jina hilo lilikuwa la dharau, na hofu ilikuwa ndani yake. Cockatoo mmoja akichukua kijito, kondoo 3,000 wanakosa maji. Wakija watano, malisho yamekwisha.

Haya yote yanayofuata yaligunduliwa kwa ajili ya kumzuia mtu huyo mwenye pauni 40. Naomba msomaji asimsahau, kwa sababu yeye mwenyewe hakuacha kumbukumbu nyingi. Wafugaji wakubwa waliacha barua, shajara, picha za nyumba zao zenye ghorofa na mabustani. Yeye aliacha jina kwenye daftari la maombi yaliyokataliwa, au hata hilo hakuliacha, kwa kuwa karani alimweleza mapema kwamba haifai kuomba.

Chuma cha kuchomea nyama

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe. Hila hii waliiita “gridironing”, kutokana na kile chuma cha kuchomea nyama chenye fito na mianya. Ilitegemea kanuni moja ndogo ya Canterbury. Kipande cha ardhi cha ekari 20 au zaidi kiliuzwa ofisini kwa bei ya kudumu, pauni 2 kwa ekari, kwa yeyote aliyetangulia kuomba. Kipande cha chini ya ekari 20 hakikuuzwa hivyo. Hicho kilipaswa kupigwa mnada.

Chukua ramani ya sehemu bora ya malisho yako, ile iliyo kando ya barabara au mto. Anzia upande mmoja. Pima ekari 20, nunua. Ruka kidogo, lakini pima kwa makini unaporuka: acha ekari 19. Pima tena 20, nunua. Acha tena 19. Endelea hivyo mpaka mwisho wa bonde. Ukinunua vipande 10, umelipa pauni 400 na una hati za ekari 200. Kati ya vipande hivyo 10 kuna mianya 9, kila mmoja wa ekari 19, jumla 171. Eneo lote ni ekari 371, ambalo kwa njia ya kawaida lingekugharimu pauni 742. Hati ya mianya huna, ila kuna jambo moja: hakuna mtu mwingine anayeweza kuiomba kwa bei ya kawaida.

Hebu tumfuate mtu wetu mwenye pauni 40. Tuseme ni mchunga kondoo aliyeweka akiba miaka mingi. Anaingia ofisini, karani anamkunjulia ramani. Pale kwenye bonde panaonekana peupe, hapajapakwa rangi ya mwenye hati. Anauliza. Karani anamwambia pana ekari 19, kwa hiyo hapauzwi hapa, pasubiri mnada. Siku ya mnada ikija, huyu aliyeshikilia kulia na kushoto yupo pia, na ana kila sababu ya kupandisha bei. Hata mtu wetu akishinda, atakuwa na ukanda mwembamba uliobanwa kati ya mashamba mawili ya mtu mmoja ambaye hamtaki. Basi anarudi kuchunga kondoo wa mtu. Na kondoo wenyewe wanaendelea kula kwenye ile mianya, kwa sababu mkataba wa malisho ya kukodi haujafutwa na nyasi za ardhi isiyouzwa bado ni zao.

Kinachoniuma katika hila hii ni usafi wake. Hakuna hongo, hakuna sahihi ya kughushi, hakuna bikoni iliyohamishwa usiku. Kuna mtu aliyesoma kanuni mpaka mwisho na kuona pengo la ekari moja kati ya 19 na 20. Tumezoea kumtafuta mnyakuzi wa ardhi kwenye faili lililopotea au kwenye muhuri wa bandia. Huyu faili lake limetimia, kila karatasi imo, na ukilikagua utampongeza kwa unadhifu.

Chagua macho, mwili utafuata

Kama hela haikutoshi kupanga fito bonde zima, kuna njia ya bei rahisi zaidi. Waliiita “spotting”. Tambarare za Canterbury ni kavu baina ya mito mikubwa. Nunua ekari 20 penye chemchemi. Nunua nyingine 20 kwenye kivuko, nyingine mdomoni mwa bonde ambamo lazima kondoo wapite, nyingine penye kichaka cha pekee chenye miti ya kuni na ya nguzo za uzio. Yaliyobaki yaache wazi, hayana mnunuzi. Nani atanunua ekari 500 ambazo hazina tone la maji wala mti wa kupikia chai?

Kule Australia hila hiyohiyo iliitwa “peacocking”, kutokana na tausi na madoa ya mkia wake yaliyofanana na macho, na walisema mtu ameyadonoa macho ya nchi. New South Wales ilikuwa imepitisha sheria za John Robertson mwaka 1861, zilizokusudiwa kumsaidia mtu mdogo kabisa. Mtu yeyote aliruhusiwa kuchagua ekari 40 hadi 320 hata kabla ya upimaji, kwa pauni moja kila ekari, akitanguliza shilingi 5 na kuahidi kuishi hapo. Wafugaji walizisoma sheria hizo kwa makini kuliko waliokusudiwa. Mwaka 1883 Augustus Morris na George Ranken waliwasilisha uchunguzi wao kuhusu matokeo yake, na picha waliyoichora ilikuwa ya ardhi iliyojikusanya kwa wachache, na ya uhasama kati ya mfugaji na mkulima mdogo uliochochewa na sheria yenyewe.

Tafuta jina la kukopa

Sheria ikisema kila mtu achukue kipande kimoja tu, tafuta watu. Mchungaji wako ni mtu. Mpishi wako ni mtu. Shemeji yako, mkata manyoya anayepita kwa msimu, na katika visa vingi vya Australia hata mtoto. Mtu huyo anaingia ofisini, anaapa kwamba anajinunulia mwenyewe, analipa kwa fedha ulizompa nje ya mlango, na muda wa sheria ukipita anakuhamishia hati. Waliwaita “dummies”, na kazi yenyewe “dummying”. Victoria ilijaribu sheria mpya mwaka 1862 chini ya Charles Gavan Duffy, ambaye alitaka kwa moyo wote wakulima wadogo wapate ardhi ya magharibi yenye rutuba, na wafugaji waliipata sehemu kubwa ya ardhi hiyo kupitia majina ya kukopa.

Nikiwafikiria hao watu wa majina ya kukopa, sioni wepesi wa kuwalaumu. Mchungaji anayeishi kwenye kibanda cha mpakani, ambaye mshahara, unga na chai vyote vinatoka kwa mtu mmoja, akiambiwa na mtu huyo avae koti safi waende mjini kutia sahihi, atakataa vipi? Yeye ndiye aliyepaswa kuwa mnufaika wa sheria ile. Alisimama kwenye dirisha hasa ambalo lilifunguliwa kwa ajili yake, akataja jina lake halisi, akapewa ardhi yake halali, na jioni akarudi kibandani bila kitu. Shambulio lolote dhidi ya ununuzi wa aina hii linalomwandama yeye na kumwacha aliyempa fedha linaanzia pabaya.

Jirani na farasi

Vitu vidogo visikupite. Sheria ilimpa mwenye malisho haki ya kununua kabla ya wengine pale alipokuwa amejenga nyumba, zizi au uzio, kwa hiyo kibanda cha nyasi kilichowekwa kwa akili kilikuwa silaha. Mwandishi Samuel Butler, aliyefika Canterbury mwaka 1860 na kufuga kondoo huko Mesopotamia, kwenye sehemu za juu za mto Rangitata, aliwahi kugombania kibanda na jirani. Alipojua kwamba mpinzani wake yuko njiani kwenda kununua ekari 20 zilizokizunguka, alipanda farasi na kumkimbilia mpaka Christchurch. Alifanikiwa. Aliuza malisho yake mwaka 1864 akiwa amekaribia kuuongeza mtaji wake maradufu, akarudi Uingereza. Miaka minne ilimtosha.

George Henry Moore wa Glenmark alijulikana kote kama “Scabby Moore”, Moore wa upele. Kondoo wake walikuwa na ugonjwa wa upele kwa miaka mingi. Serikali ilimtoza faini mara kwa mara, naye alilipa. Majirani waliamini kwamba aliwaacha wagonjwa kwa makusudi, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kupanga malisho kando ya kundi lenye upele, na aliyekwishapanga angetamani kuhama. Shamba lake lilikuwa moja ya mashamba yenye thamani kubwa kupita yote New Zealand.

William Robinson wa Cheviot Hills naye aliitwa “Ready Money”, kwa kuwa alilipa taslimu. Wenzake wengi hawakuwa na taslimu. Miaka ya 1870, serikali ilipokuwa inakopa London kwa ajili ya reli, na wanunuzi wapya wakimiminika, wafugaji walikimbilia mabenki na madalali wa manyoya ili wageuze malisho ya kukodi kuwa milki yao kabla hawajawahiwa. Bei ya manyoya ikaporomoka, deni likabaki. Miaka ya 1880 mashamba mengi ya Canterbury yalikuwa na jina la mtu langoni na jina la benki kwenye kabati. Sehemu hii ya habari haihitaji maelezo marefu kwa msomaji yeyote aliyewahi kuweka hati miliki rehani.

Wenyewe wakirudi

Mafundi hawa walisahau kujiandaa kwa jambo moja. Mwaka 1877 kiongozi wa kidini wa Ngāi Tahu, Te Maihāroa, aliongoza watu wapatao 150 kutoka Arowhenua, wakapanda bonde la mto Waitaki wakiwa na mikokoteni, farasi na watoto, wakajenga makazi Omarama, katikati ya malisho ya kondoo. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi ya ndani haikuwahi kuuzwa. Walijenga, wakapanda, wakakaa kwa amani. Wafugaji walilalamika kwamba mbwa wao wanasumbua kondoo. Mwezi Agosti 1879, katikati ya baridi kali, polisi walifika na kuwaondoa. Te Maihāroa alikataa kumwaga damu. Watu wake waliteremka bonde wakiwa na wazee na watoto wadogo kwenye barafu na mvua.

Tazama kwa karibu kipimo cha haki kilichotumika hapo. Mfugaji aliyepanga malisho kwa chini ya peni moja kwa ekari alikuwa na haki ya kuita polisi. Watu ambao hati ya 1848 iliwaahidi mahali pao pa chakula hawakuwa na haki ya kukaa miaka miwili. Madai yaliyoanza na barua ya Tiramōrehu yalifika mwisho mwaka 1998, Bunge la New Zealand lilipopitisha sheria ya suluhu, dola milioni 170 zikalipwa, na Waziri Mkuu Jenny Shipley akaenda Ōnuku, karibu na Akaroa, kuomba radhi kwa niaba ya dola. Kutoka mwaka 1849 hadi 1998 ni miaka 149. Hakuna mnunuzi wa ekari 19 aliyewahi kuambiwa asubiri kiasi hicho.

Usijaribu kuidanganya kodi

Hila zote hizi zilishindwa na kitu cha kawaida kabisa, fomu ya kodi. Serikali ya chama cha Liberal iliweka kodi ya ardhi mwaka 1891. Waziri wa ardhi alikuwa John McKenzie, Mskoti wa milimani, ambaye utotoni aliona familia zilizofukuzwa Glencalvie zikijihifadhi kwenye uwanja wa kanisa la Croick. Walifukuzwa kupisha kondoo. Hakusahau.

Robinson alikuwa amefariki, na shamba lake la Cheviot, zaidi ya ekari 80,000, lilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa mirathi. Mkadiriaji wa kodi alilikadiria kuwa na thamani ya zaidi ya pauni 300,000. Wasimamizi walipinga, wakasema ni kubwa mno, thamani yake halisi ni pauni 260,000 hivi. Sheria ilisema mkigombana, serikali ama ikubali takwimu ya mwenye mali au inunue kwa takwimu hiyo. Mwaka 1893 McKenzie alinunua. Shamba lilikatwa vipande, barabara zikachorwa, na mji uliojengwa hapo mwanzoni ukapewa jina la waziri mwenyewe. Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza nilifurahi, na bado nafurahi kila ninapoirudia.

Sehemu ya ardhi hiyo ilitolewa kwa mkataba mpya uliotungwa na McKenzie katika Sheria ya Ardhi ya 1892: miaka 999, kodi isiyopanda, kwa mkulima mdogo anayeishi hapohapo. Msomaji wa Kenya ataitambua namba hiyo. Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya 1915 iliwapa walowezi wa nyanda za juu miaka 999 pia, ila kule ilimlinda mwenye eneo kubwa.

Kondoo nao walivuka bahari. Mlowezi Lord Delamere alipopata ekari 100,000 Njoro, Kenya, kwa mkataba wa miaka 99, alileta merino kutoka New Zealand. Wengi wao walikufa. Wamaasai walijua kwamba majani ya Njoro hayanenepeshi mifugo na walikuwa wakiyaepuka, na baadaye wataalamu walithibitisha kwamba udongo wa upande wa Nakuru una upungufu wa madini. Delamere alihamishia ufugaji wake Soysambu. Kwa mapatano ya 1904 na ya 1911 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, kisha Laikipia. Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 waliambiwa kwamba mapatano yale ni kama mkataba kati ya mataifa, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuyasikiliza. Katika miaka hiyohiyo maafisa wa koloni walikuwa wanalalamikia walowezi wanaojikusanyia ardhi kwa majina ya kukopa, na neno walilolitumia ni lilelile la Australia na Canterbury, “dummying”.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 65, imewawekea wasio raia kikomo cha miaka 99, na mikataba mirefu zaidi ilikatwa kufikia hapo kuanzia siku Katiba ilipoanza kazi. Watu wengi wanaikumbuka ibara hiyo kwa namba hiyo ya 99. Mimi naomba wasome aya inayofuata. Inasema kampuni itahesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia, na mali inayoshikiliwa kwa amana itahesabiwa kuwa ya raia pale tu manufaa yake yote yanakwenda kwa raia. Aliyeiandika aya hiyo hakuishia kwenye jina lililo juu ya hati. Aliuliza nani anakula.